Mkandarasi mzawa na zabuni kubwa: tunaangukia wapi hasa?

#1 Msingi_Imara

Wakuu, heshima kwenu. Kila tukijadili makandarasi wazawa na miradi mikubwa, mjadala unaishia kwenye neno moja: upendeleo. Upendeleo upo, sikatai. Lakini ukisoma ripoti za tathmini unakuta wazawa wengi wameng'oka kwenye hatua za mwanzo, zile za karatasi na uwezo wa kifedha, bei zao zikiwa hazijalinganishwa na za mtu yeyote. Naomba uzi huu tuutumie kuchambua kipengele kwa kipengele.

Nianze na hesabu. Chukueni mradi wa thamani 240 (wekeni milioni au bilioni, uwiano ni uleule), muda miezi 24. Nyaraka za zabuni zinazofuata mfumo wa Benki ya Dunia, ambazo wanunuzi wengi wameziiga, kwa kawaida zitadai hivi:

- Wastani wa mauzo ya ujenzi kwa mwaka: mara 1.5 hadi 2 ya kazi ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa mradi huu ni 120, kwa hiyo mauzo 180 hadi 240.
- Mkataba unaofanana ulioukamilisha: karibu asilimia 80 ya thamani, yaani 192.
- Ukwasi (fedha taslimu au mkopo wa benki ulio tayari): miezi 3 hadi 4 ya malipo, yaani 30 hadi 40, baada ya kutoa ahadi za mikataba mingine uliyonayo.
- Dhamana ya zabuni (ahadi ya benki kwamba hutajitoa): isiyozidi asilimia 2, yaani 4.8.
- Dhamana ya utendaji (ahadi ya benki kwamba utatimiza mkataba): mara nyingi asilimia 5 hadi 10, yaani 12 hadi 24.

Sasa tazameni hilo sharti la uzoefu. Mkandarasi ambaye mkataba wake mkubwa ni wa 40 anaruhusiwa kupanda hadi 50 tu, maana 40 ni asilimia 80 ya 50. Halafu 62.5, 78, 98, 122, 153, 191, ndipo aguse 238. Ni ngazi nane. Kila ngazi ikichukua miaka miwili, ni miaka 16, na hapo tumechukulia kwamba hakosi zabuni hata moja katikati. Wakati huohuo nyaraka zinataka uzoefu wa miaka 5 au 10 iliyopita. Kazi ya ngazi ya kwanza inakuwa imeshachacha kabla hajafika juu.

Kwa hiyo hoja yangu: kupanda peke yako ngazi kwa ngazi karibu hakuwezekani kihesabu. Karibuni.

---

#2 Mkadiriaji

Mkuu, umeanza vizuri. Ila sharti la ukwasi usiliweke kwenye fungu la uonevu. Likisomwa vizuri, lile ndilo linalomwokoa mkandarasi asijiue.

Chukua mkataba wa mfano wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), Kitabu Chekundu cha 1999. Unapima kazi mwisho wa mwezi, unawasilisha madai, mhandisi anatoa hati ya malipo ndani ya siku 28 tangu ayapokee, na mwajiri (mwenye mradi) analipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai hayohayo. Zile 28 zimo ndani ya 56, hazijumlishwi. Weka siku 30 za kazi, siku 5 hadi 7 za kupima na kuandaa vielelezo, kisha 56. Kazi uliyoifanya siku ya kwanza italipwa karibu siku ya 93. Na hapo kila mtu amefuata mkataba, hakuna aliyechelewa.

Miezi mitatu nzima unalipa mishahara, dizeli, saruji na nondo kutoka mfukoni mwako. Kwenye mradi wa 240, kama gharama halisi ni 9 kwa kila 10 unayodai, umeshamwaga 27 kabla ya hati ya kwanza kulipwa. Ongeza kuhamisha mitambo na kujenga kambi na maabara ya saiti.

---

#3 Kifusi_na_Moramu

Mkadiriaji, lakini si kuna malipo ya awali? Asilimia 10 ya mkataba ni 24. Karibu inaziba hiyo 27 yote. Sioni shida iko wapi.

---

#4 Mkadiriaji

Shida iko kwenye kuyarudisha. Watu wengi wanapanga malipo ya awali kama mtaji, kumbe ni mkopo wenye ratiba kali.

Kwa masharti ya kawaida ya FIDIC 1999, hati zako zikivuka asilimia 10 ya mkataba, makato yanaanza: robo ya kila hati, mpaka deni liishe. Juu yake kuna fedha inayozuiwa hadi makabidhiano, tuseme asilimia 10 ya kila hati mpaka ifike asilimia 5 ya mkataba, yaani 12. Tuhesabu kwa kazi ya 10 kila mwezi na gharama ya 9:

Mwisho wa mwezi wa 3: umepokea 24, umetumia 27. Uko hasi 3.
Mwezi wa 4 na wa 5: zinalipwa hati mbili za kwanza, kila moja 10 toa 1 ya zuio, unapata 9. Umetumia 9. Bado hasi 3.
Mwezi wa 6: inalipwa hati ya tatu, ambayo jumla yake imevuka 24. Toa 1 ya zuio, toa 2.5 ya malipo ya awali. Mkononi 6.5, na gharama bado ni 9.

Kuanzia hapo unazama 2.5 kila mwezi. Mwezi wa 14 uko hasi 25.5. Mwezi wa 15 kinamaliziwa kipande cha mwisho cha deni, 1.5, na unagusa chini kabisa: hasi 27. Halafu unaanza kupanda kwa 1 kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa 24 kazi imekwisha na bado uko hasi 18. Faida yako yote ya 24 imekaa kwenye hati tatu za mwisho ambazo hazijalipwa na kwenye ile 12 iliyozuiwa, ambayo nusu inatoka kwenye makabidhiano na nusu baada ya kipindi cha uangalizi kuisha, mara nyingi mwaka mmoja.

Kwa hiyo malipo ya awali yamelihamisha shimo kutoka mwezi wa 3 kwenda mwezi wa 15. Hayakulifukia. Ndiyo maana unaona saiti zinasimama katikati ya mradi wakati mwanzo zilikwenda kwa kishindo. Watu husema mkandarasi amekula pesa. Wakati mwingine kweli amezila. Ila hata asiye na doa anafika palepale kama hakulipangia shimo hilo tangu siku ya kujaza zabuni.

Na hiyo hasi 27 haijahesabu riba, kuhamisha mitambo, wala fedha iliyofungwa benki kwa ajili ya dhamana. Benki ikidai asilimia 30 taslimu kwa dhamana ya utendaji ya 24 na ya malipo ya awali ya 24, ni 14.4 nyingine huwezi kuigusa. Jumla inapita 41. Sasa rudi ulione lile sharti la ukwasi wa 30 hadi 40.

---

#5 Kifusi_na_Moramu

Nimekuelewa, asante sana. Hii hesabu ya mwezi wa 15 inafaa ibandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya mkandarasi.

---

#6 Dada_Mhandisi

Naongezea upande wa dhamana ya malipo ya awali, maana hapo fedha nyingi hulala bila sababu. Mkataba unaruhusu thamani ya dhamana ipungue kadiri deni linavyolipwa. Benki haitaipunguza yenyewe. Peleka nakala ya hati ya malipo inayoonyesha makato, kila mwezi au kila robo mwaka, uombe ipunguzwe na fedha yako iliyofungwa iachiwe. Hakikisha maneno hayo yamo kwenye dhamana kabla haijasainiwa.

Pia barua ya benki ya kuthibitisha mkopo. Barua inayosema benki "iko tayari kuangalia uwezekano wa kumsaidia mteja" haina thamani kwenye tathmini. Inatakiwa itaje jina la mradi, namba ya zabuni, kiasi, na kwamba fedha imetengwa endapo mteja atashinda. Mwombe meneja atumie kiolezo kilichomo kwenye nyaraka za zabuni, neno kwa neno. Jambo hili linahitaji wiki mbili au tatu kwa sababu lazima lipite kamati ya mikopo. Anayekwenda benki siku nne kabla ya kufunga atapewa barua ile ya kwanza.

---

#7 Msingi_Imara

Turudi kwenye ngazi nane. Njia inayotajwa na kila mtu ni ubia. Nani anaujua ubia kwa undani?

---

#8 Ubia_wa_Haki

Karibu hapa. Kwanza tofautisheni kinachojumlishwa na kisichojumlishwa, maana hapo ubia mwingi hufa.

Mauzo na ukwasi hujumlishwa. Kawaida kila mbia atimize angalau asilimia 25, kiongozi wa ubia asilimia 40, na wote kwa pamoja asilimia 100. Kama sharti ni mauzo 240, kiongozi 96, mwingine 60. Watu husoma hapo na kuacha. Lakini 96 na 60 ni 156, mmepungukiwa na 84. Viwango vile ni vya chini kwa kila mmoja, na jumla bado lazima ifike 240.

Ukubwa wa mkataba mmoja haujumlishwi. Wabia watatu wenye mikataba ya 65 kila mmoja hawatengenezi mkataba wa 192. Lazima mmoja wenu awe nao mzima. Idadi ya mikataba inaweza kujumlishwa, ukubwa hapana. Hili limewatupa nje wazawa wengi walioungana kwa nia njema kabisa: wote wadogo, hakuna mwenye mkataba mmoja mkubwa.

La tatu ndilo muhimu zaidi kwa wanaotaka kupanda. Ukishiriki mradi kama mbia au mkandarasi msaidizi, kwenye zabuni ijayo unahesabiwa sehemu yako tu, kwa thamani. Ubia wa asilimia 15 kwenye mradi wa 240 unakupa uzoefu wa 36, hata kama bango la saiti lina jina lako. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa ubia, pigania mambo haya:

Mgawanyo uwe wa kazi, si wa asilimia ya faida tu. "Mbia B atajenga kilomita 14 za tabaka la msingi na madaraja mawili" ni bora kuliko "Mbia B ana asilimia 30". Zabuni nyingi zina sharti la kazi muhimu, kama mita za ujazo za zege au za udongo kwa mwezi. Huwezi kudai ulimwaga zege ambalo kwenye rekodi lilimwagwa na mwenzako.

Cheti cha kukamilisha kitaje thamani na wingi wa kazi ya kila mbia. Kikitoka kwa jina la ubia peke yake, miaka mitatu baadaye utamtafuta mhandisi mshauri aliyekwisha kuhama.

Akaunti ya ubia iwe na wasaini wa pande zote mbili. Na mkumbuke wajibu wenu kwa mwajiri ni wa pamoja na wa kila mmoja: mwenzako akikimbia, kazi yote na hasara yote ni yako.

Ubia wa mzawa kuazimisha jina lake ili kampuni kubwa ipite, kisha apewe asilimia chache na kiti cha kukaa kwenye vikao, unauma sana. Unamaliza nafasi ya wote na haumwachii uzoefu wa kumpeleka popote.

---

#9 Nondo16

Ubia_wa_Haki, ongeza na suala la upendeleo wa kisheria. Kwa taratibu za Benki ya Dunia, pale nyaraka zinaporuhusu, bei za makandarasi wa nje huongezewa asilimia 7.5 wakati wa kulinganisha. Mgeni akiweka 230 anasomeka 247.25, na mzawa wa 240 anakuwa wa kwanza. Lakini kwenye ubia kila mbia lazima atimize sifa za uzawa. Ukiingia na mgeni ili upate uzoefu, unafuu huo umeuacha. Na ukiwa peke yako, usimpe mkandarasi wa nje kazi inayozidi asilimia 10 ya mkataba. Kwa hiyo amua mapema: unaingia kwa njia ya unafuu au kwa njia ya uzoefu?

---

#10 Saiti_Kavu

Mimi sikubaliani na mwelekeo wa uzi. Mnamfundisha mtu mdogo kuvaa koti kubwa. Dawa ni mwajiri kugawa mradi. Barabara ya kilomita 120 ikigawanywa vipande vinne vya 30, kila kimoja 60, ngazi nane zinabaki mbili: aliye na 40 anapanda 50, kisha 62.5, tayari anaingia.

---

#11 Msingi_Imara

Hoja yako ina nguvu, naikubali kwa barabara na kwa majengo yanayojitegemea. Haifai bwawa, wala daraja refu, wala jengo moja la ghorofa nyingi, ambako ukigawa unazalisha ugomvi wa nani alichelewesha nani. Halafu kwenye vipande hivyohivyo kuna mtego: ukiomba viwili, masharti ya mauzo na ukwasi huangaliwa kwa jumla ya vyote viwili. Wengine huomba vyote vinne wakitarajia kupata kimoja.

---

#12 Dada_Mhandisi

Kabla hatujafika kwenye bei, niseme karatasi zinazoua zabuni nzima bila huruma:

Dhamana ya zabuni yenye muda pungufu. Zabuni ikitakiwa iwe hai siku 120, dhamana kwa kawaida iende siku 28 zaidi, yaani 148. Siku huhesabiwa tangu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, si tangu benki iliposaini. Tarehe ya kufunga ikisogezwa mbele kwa nyongeza ya nyaraka, dhamana yako ya zamani imeshakuwa fupi. Rudi benki.

Dhamana ya ubia iliyoandikwa jina la mbia mmoja. Kama ubia haujasajiliwa, iandikwe kwa majina ya wote mnaotarajia kuwa wabia, kama yalivyo kwenye barua ya kusudio.

Hati ya idhini ya kusaini ambayo haipo, au aliyesaini fomu ya zabuni si aliyetajwa humo. Hata kama ni mkurugenzi.

Nyongeza za nyaraka ambazo hukukiri kuzipokea. Kama mwajiri amebadilisha BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) kwenye nyongeza ya pili nawe umejaza ya kwanza, kosa hilo haliponi.

Na kwa zabuni za mtandaoni: mfumo unafunga kwa saa yake, si ya ukutani kwako. Mafaili makubwa pakia siku mbili kabla, kisha uyafungue tena kuhakikisha yanasomeka.

---

#13 Mkadiriaji

Kwenye bei, kuna kosa moja linalorudi kila mara kwenye kazi za udongo. BOQ hupima tuta likiwa limeshashindiliwa, lakini tipa hubeba udongo uliofumuka. Chukua 1.3 ya uliofumuka kwa kila 1 ya ulioshindiliwa (pima udongo wako mwenyewe, kila shimo lina tabia yake). Tuta la mita za ujazo 100,000 linahitaji 130,000 za kubeba. Kwa tipa ya mita 15 ni safari 8,667. Aliyegawa 100,000 kwa 15 amepanga safari 6,667. Safari 2,000 amezitoa sadaka, na dizeli yake haidaiwi popote.

Halafu marekebisho ya hesabu. Bei ya kizio ikigongana na jumla, bei ya kizio ndiyo inayoshika, isipokuwa ni wazi kwamba nukta imekaa vibaya. Ulikusudia 45 kwa kila kizio, vizio 10,000, ukaandika 35 huku jumla ukiacha 450,000? Utasomewa 350,000. Ukikataa marekebisho, zabuni inatupwa na dhamana inaweza kuchukuliwa. Kipengele ulichoacha wazi kinahesabiwa kimo ndani ya bei nyingine, utakifanya bure. Kwa hiyo mtu wa pili, asiyejaza BOQ, aikague yote kwa kikokotozi.

Na tuache kushindana kwa kushusha. Wanunuzi wanaofuata Benki ya Dunia sasa wana utaratibu wa kuhoji bei ya chini kupita kiasi. Zabuni zikiwa chini ya tano, bei iliyo chini ya makadirio ya mwajiri kwa asilimia 20 au zaidi inaweza kuitiwa maelezo. Utaulizwa mchanganuo: wafanyakazi wangapi, mitambo gani, saa ngapi, tija kiasi gani. Aliyekisia hana la kujibu.

---

#14 Nondo16

Mitambo nayo. Barua za kukodi zinakubalika karibu kila mahali, ila zitaje aina, uwezo, mwaka wa kutengenezwa, namba ya usajili, na muda mtambo utakaokuwa huru. Greda ileile ikionekana kwenye zabuni za makandarasi watatu, mtathmini ataikuta. Vivyo hivyo mhandisi mmoja mwenye wasifu kwenye zabuni mbili. Hapo unatoka kwenye udhaifu unaingia kwenye udanganyifu, na ukifungiwa na benki moja kubwa ya maendeleo kwa zaidi ya mwaka, nyingine nazo zinaweza kukufungia kwa makubaliano yao ya 2010. Usiguse kabisa.

---

#15 Kifusi_na_Moramu

Swali la mwisho wakuu. Umekosa, umepewa barua ya ukurasa mmoja. Una haki gani?

---

#16 Dada_Mhandisi

Ndugu, haki ipo ila saa yake ni fupi. Kwa zabuni za Benki ya Dunia zenye kipindi cha kusubiri, barua ya kusudio la kutoa mkataba ikitoka una siku 3 za kazi kuomba maelezo ya kwa nini umekosa. Kipindi chenyewe ni siku 10 za kazi, na malalamiko yaingie humo. Sheria za ununuzi za nchi zinatofautiana, kwa hiyo soma zako kabla ya kuwasilisha zabuni, si baada ya kukosa.

Omba maelezo kwa maandishi siku ileile unayopata barua. Uliza kipengele na namba ya sharti ulilokosa, na thamani waliyoisoma kwako: mauzo wamekokotoa ngapi, kwa kiwango gani cha kubadilisha fedha, mkataba gani wameukataa na kwa nini. Sharti ambalo lilikuwa wazi kwenye nyaraka tangu mwanzo ni vigumu kulilalamikia sasa. Muda wake ulikuwa ule wa maswali kabla ya kufunga, na hapo ndipo mkandarasi mwenye mikataba miwili ya 100 anapotakiwa kuandika: je, mwajiri yuko tayari kukubali mikataba miwili ya asilimia 40 badala ya mmoja wa asilimia 80? Swali hilo likiulizwa na makandarasi watano kwa barua tano, mwajiri analazimika kulifikiria, na jibu akilitoa kama nyongeza ya nyaraka linawahusu wote.